Ngoma ya Mtu Mmoja

Piraeus, Novemba

Mpendwa ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Uliniuliza kama Wagiriki ninaoishi nao hucheza ile ngoma ya kushikana mabega unayoiona kwenye sinema. Ile, sirtaki, ilibuniwa kwa ajili ya filamu mwaka 1964. Inayowaliza watu wazima hapa ni zeibekiko, ngoma ya mtu mmoja.

Jumamosi iliyopita, katika mkahawa mmoja karibu na bandari, mzee wa meza ya jirani, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, aliwaagiza wapiga buzuki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, wimbo wake, akainuka peke yake. Alitandaza mikono kama mwewe aliye angani, macho ameyainamisha, akawa anazunguka palepale kwa hatua za kupepesuka, kisha ghafla akachutama na kugusa sakafu kwa kiganja. Hatua hizo hazina mpango maalumu: mapigo ni tisa, mawili mawili mara tatu, halafu matatu, na hilo la tisa ndilo linalomfanya mchezaji aonekane anaanguka, naye haanguki. Wenzake walipiga goti wakimpigia makofi, lakini hakuna aliyethubutu kuingia, kwa kuwa wimbo ulioagizwa ni wa aliyeuagiza mpaka uishe. (Usifikirie kutunza kwenye taarabu, ambako anayeinuka mara nyingi ana mtu wake wa kumpiga kijembe, huyu hakumlenga yeyote.) Si jambo la mzaha: mwaka 1973, mjini Athens, ugomvi uliozuka kwa sababu ya kuingiliwa wimbo wa namna hiyo uliishia kwa polisi watatu kuuawa.

Ngoma hii ina asili kwa Wazeybek, wapiganaji wa magharibi ya Anatolia, yaani Asia Ndogo, iliyo Uturuki ya leo, na ilishika mizizi hapa baada ya mwaka 1922, Wagiriki zaidi ya milioni moja walipong'olewa Asia Ndogo, wengi wakaja kujenga vibanda pembezoni mwa bandari hii. Wenyeji wana neno *kaimos*, yaani uchungu uliolala moyoni miaka mingi, na huo ndio unaochezwa. Zamani ngoma hii ilikuwa ya wanaume. Siku hizi wanawake nao huicheza, na kwa macho yangu baadhi yao wanawashinda, maana hawaweki mbwembwe.

Wimbo ulipokwisha mzee alirudi kitini, akaivuta glasi yake. Hakuna aliyemwuliza lililomsibu, nami sikumwuliza.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Hamisi