Milioni mbili za kamati na thumuni ya Mama

Geneva, 6 Aprili 2025

Dada Zuhura,

Asalaam aleikum, na Idi njema ingawa imeshapoa. Mimi ni mzima. Nawaombea nanyi uzima, Mama zaidi, na goti lake.

Nimeiona kadi ya Salma kwenye grupu la familia. Imependeza, sina neno. Ile rangi ya damu ya mzee inamkaa mtoto, na kuipanga ndoa tarehe 26, sikukuu ya Muungano, ni akili. Nikashuka chini kusoma orodha ya kamati. Mjomba Seif laki tatu. Shemeji laki mbili. Mama Chiku masufuria yake na nguvu zake. Kaka Shabani, baba wa bibi harusi, "atasimamia vinywaji". Halafu mimi: "Mwanahawa (UN) 2,000,000". Nilikuwa kwenye treni, nikadhani sufuri imezidi. Nani kaweka yale mabano? Na hiyo ahadi niliitoa kikao gani, wakati sijatamka hata senti?

Wewe unajua, ila waambie na wenzio: mimi si mtu wa UN. Naajiriwa na shirika dogo, vyumba vitatu juu ya duka la viatu, na wafanyakazi wote tunaenea kwenye Noah moja na mizigo yetu. UN ni jirani. Asubuhi naingia kwa kitambulisho ninachochukulia geti la Pregny, begi linapita kwenye mashine, jioni natoka na njaa yangu kama watu wengine. Yule mlinzi wa getini nina hakika ananizidi mshahara, na Mungu amzidishie.

Basi kwa kuwa mmeshanipa cheo, ngojeni nikitumie japo kidogo. Kuna ukumbi mle wanauita Chumba cha Ishirini. Dari yake aliichora msanii wa Hispania, Miquel Barceló, mwaka 2008: rangi zimemwagwa juu zikaganda zinaning'inia, bluu, njano, nyekundu, mpaka ukikaa chini yake unajikuta unakinga kichwa. Ndimo linamokaa Baraza la Haki za Binadamu, nchi 47. Kikao cha safari hii kilianza Februari kikafungwa juzi Ijumaa. Mashirika yetu tunapewa dakika moja na nusu ya kusema. Ikiisha, kipaza kinakatwa, hata uwe katikati ya jina la marehemu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mwenzetu alisoma tamko kuhusu wadada wa kazi wanaokwenda Uarabuni. Mle ndani sentensi mbili ni zangu. Nilizitoa kwenye mahojiano niliyoyafanya kwa simu, kwa Kiswahili, na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa Muscat. Pasi yake ya kusafiria ilishikwa na mwajiri tangu siku ya kwanza, na kwa mfumo wao wa kafala, viza yake ilifungwa kwa mwajiri huyo huyo. Akiondoka bila ruhusa yeye ndiye mkosaji. Tulibishana naye saa nzima juu ya tarehe moja tu, maana tarehe ikikosewa, balozi wa nchi husika anainuka anasema ripoti yote ni uzushi. Kazi yangu ndiyo hiyo, Dada. Tarehe, majina, namna ya kuandika jina la kijiji. Hakuna kupiga ngumi mezani kama mnavyodhani.

Nilikaa kiti cha nyuma ya msemaji nikasikia sentensi zangu zikitoka kwenye spika, na wakalimani wakizipeleka kwenye zile lugha zao sita. Mbele yangu bwana mmoja mwenye suti alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Angalie tu. Nilimuwaza Mama, angekuwepo angepiga kigelegele tukatolewa nje sote wawili. Nilipotoka bustanini nikakutana na tausi, wanatembea kwa maringo kama wale wa Ikulu, wale Magufuli aliowagawia marais wastaafu. Nikapiga picha. Ipo kwenye grupu, mmeipita, mnajadili vinywaji.

Mkataba wa wafanyakazi wa majumbani nao ulipitishwa mji huu huu, namba 189, Juni 2011, kwenye Shirika la Kazi Duniani. Na huyo binti wa kwako, yule wa Korogwe, anapata siku yake ya kupumzika? Sheria yetu wenyewe ya Ajira ya mwaka 2004 inampa saa 24 mfululizo kila wiki. Sikugombezi, nauliza.

Turudi kwenye hela. Kamati inadhani ukisema haki za binadamu na Umoja wa Mataifa kwa pumzi moja, dola zinadondoka. Hebu wasomee hii. Wale wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, wanaoonekana kwenye taarifa ya habari wakizikemea serikali kubwa, hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Wanalipiwa safari, basi. Wengi ni maprofesa, wanafundisha mchana, usiku wanasoma malalamiko ya watu. Vijana wanaokuja kujifunza kazi Sekretarieti, ofisi zenyewe za Umoja wa Mataifa, hawalipwi kitu, ndiyo maana unaowaona ni watoto wa wenye nacho. Kuna wale wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, makao yao makuu yapo Bonn, Ujerumani. Hao wanapewa posho ya kujikimu. Na sisi wa vishirika tunaishi kwa fungu la mfadhili. Tangu Marekani ikate misaada mwezi wa kwanza, hapa watu wanaagana kila Ijumaa. Yule Mkenya niliyekuwa nakula naye mchana ameshafungasha. Mkataba wangu mimi unakwenda mpaka Desemba, baada ya hapo Mungu anajua, tuache hayo. Chumba nimepanga ng'ambo ya mpaka, Annemasse, ni kidogo lakini kina dirisha. Mwambie Mjomba Seif kwamba mpwa wake analala Ufaransa na kufanya kazi Uswisi. Hiyo atatambia kijiweni mpaka Ramadhani nyingine.

Yupo bibi mmoja hapa, mwalimu mstaafu, namsaidia kubeba makablasha kwa sababu mgongo unamsumbua. Tangu ujanani ni mwanachama wa Amnesty International, ile iliyoanzia London mwaka 1961, mwanasheria mmoja, Peter Benenson, alipoandika gazetini juu ya wafungwa waliosahaulika, na mwaka 1977 ikapewa Nobel ya Amani. Bibi ananisimulia zamani walivyokuwa wanafanya. Kikundi cha mtaa, watu wa kawaida, fundi bomba, mke wa mchungaji, wanapewa wafungwa watatu: mmoja wa nchi za Magharibi, mmoja wa kambi ya Urusi, mmoja wa nchi zetu hizi. Watatu pamoja, ili serikali yoyote isipate la kusema kwamba wanaionea. Kisha wanaandika barua. Kwa rais, kwa waziri, kwa mkuu wa gereza, barua za adabu, "Mheshimiwa", mwaka hadi mwaka. Majibu hayaji. Wanaandika tena. Stempu wananunua kwa hela yao. Nikamuuliza, hukuchoka? Akaniambia kuchoka alichoka sana, akanipa kablasha jingine nibebe.

Walikuwa pia na kanuni moja: mwanachama hashughulikii kesi za nchi yake mwenyewe. Siku hizi wameilegeza. Nilipoisikia nilicheka peke yangu, maana Kaka Shabani angekuwepo angesema ndiyo mimi huyo. Si ndiyo wimbo wake? "Mwanahawa anawatetea wa mbali, wa kwao kawasahau." Aliuimba msibani kwa Baba Mdogo mbele za watu, na kwenye Idi hii, wamenipa habari, ameurudia.

Hapo ndipo ninapoumia, na leo nitasema. Wa kwetu nilijaribu kuwatetea. Mwezi wa pili nilipiga simu kuhusu nyumba ya Baba ya Tandika, kwa upole, nikamuamkia kwanza. Nikamuuliza Kaka, ni kweli umepata mnunuzi, huyo mtu wa Kariakoo anayetaka kubomoa ajenge fremu? Na fungu la Mama umeliweka wapi? Akanitumia ujumbe wa sauti, najua umeusikia kwa sababu ulikuwepo, nimekusikia unakohoa nyuma: "Usituletee mambo ya Geneva. Sisi hapa tuna dini yetu."

Dada, Geneva niliitaja wapi? Nilitaja thumuni. Thumuni haikupigiwa kura kwenye Chumba cha Ishirini. Mume akifa ameacha watoto, mke ana moja ya nane, inatolewa kwanza. Kisha binti ana lake, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na mimi hiyo nusu yangu sijaikataa wala sijaomba iongezwe. Kaka aliteuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi anapewa miezi minne arudishe orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Baba yuko mwaka wa tatu kaburini. Hiyo hesabu nani kaiona? Mama kaiona? Mama anaambiwa atahamia Chanika, kwenye kile kiwanja ambacho hata maji hayajafika, na mguu ule.

Nikiomba thumuni ya Mama, mimi Mzungu. Nikitakiwa milioni mbili, mimi damu yenu. Sawa.

Na ile kazi yenyewe mnayoiona ya Wazungu, mimi nilifundishwa Temeke. Bi Mwanne mnamjua. Mnamuita mama kimbelembele, kila kesi ya jirani yumo. Yule ni msaidizi wa kisheria, anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kisheria hatozi mtu hela na hasimami mahakamani kama wakili. Anakusikiliza, anakueleza sheria inasemaje, anakuonyesha mlango wa kugonga. Nilipomaliza chuo nikakaa bila ajira, nilishinda naye pale ofisi ya serikali ya mtaa, wewe ukisema napoteza ujana. Ana kaunta buku limechakaa jalada, kila mtu aliyekuja ameandikwa: jina, tarehe, shida, alikoelekezwa, na kama alirudi. Hapa wana programu ya kompyuta kwa kazi hiyo, na sijaona iliyoandikwa vizuri kuliko daftari lile. Siku ya usaili waliniuliza nimejifunzia wapi kuhoji mtu aliyeumizwa. Nikawaambia Temeke, kwa mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi. Walidhani natania.

Huyo ndiye wangemuweka kwenye mabano.

Mwezi wa Ramadhani umenipita vibaya, sikufichi. Siyo njaa, njaa ya huku nyepesi, kuna baridi. Ni magharibi. Unafungua kwa tende ya dukani mbele ya kompyuta, hakuna anayepita na sahani iliyofunikwa kawa, hakuna kelele ya watoto wa kwa Mama Chiku. Nilipika uji wa pilipili manga ukaniungulia. Nilitafuta magimbi nikayapata kwenye duka la Wakongo, bei sitaitaja kwa sababu Mama anaweza kusomewa barua hii. Usiku nikawa nasikiliza redio ya nyumbani kwenye simu, matangazo ya vifo yanasomwa mpaka nalala. Niambie, mwendokasi ya Mbagala imeanza kweli au bado ni maneno? Na yule fundi cherehani wa pale kona yupo?

Basi nimeamua hivi. Mchango wa Salma ni laki mbili, sawa na Shemeji, nimeshampelekea mweka hazina moja kwa moja. Afute mabano. Kitambaa cha sare ninunulieni na mnishonee, vipimo vyangu fundi anavyo, mnitumie na mtoto wa Mzee Kipara akija mwezi wa sita. Salma mwambie shangazi yake anampenda na hii si vita yake.

Laki na nusu nyingine ni ya Mama. Elfu hamsini dawa. Inayobaki ni bajaji na chai ya kwenda Kituo Jumuishi Temeke, kile cha mahakama za mambo ya familia, siku Bi Mwanne atakayowapangia, nimeshaongea naye. Abebe cheti cha kifo cha Baba, cheti cha ndoa, na nakala ya ile barua ya uteuzi wa msimamizi, ipo kwenye sanduku la bati chini ya kanga za msiba. Uende naye wewe. Usimtume Shemeji, atamwambia Kaka kabla bajaji haijawaka. Na iwe kabla ya harusi, kwa sababu nimesikia huyo mtu wa fremu anataka kulipa mwisho wa mwezi.

Hiyo hela nimemtumia Tatu, kwa namba yake. Yako najua ina deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, ingekatwa hapo hapo.

Mdogo wako,
Mwanahawa