Istanbul siyo maduka tu

Mhariri, sisi wa Kariakoo tunaofuata mzigo Istanbul tunaishia Laleli tu, mtaa wa maduka ya nguo, halafu tukirudi Dar tunalalamika eti chakula cha kule hakina ladha, jamani! Mi nilikatiza hadi Çemberlitaş, hamamu (bafu la umma la mvuke) ya mwaka 1584, unalala kwenye marumaru ya moto mpaka jasho likutiririke, jamaa anakusugua na glovu ya kukwaruza, taka zinatoka kama nyuzi nyeusi na asubuhi si ulioga! Ukitoka njaa inauma kweli, shuka daraja la Galata ule mkate wa samaki, vitunguu, kamulia limau (pilipili yao haiwashi, beba yako). Bei imechangamka, sikatai. Ila Hamamni ya Sultani Barghash pale Zanzibar ni ya kutazama tu, kwa nini isirudishiwe maji?

Mchuuzi wa nguo, Kariakoo, Dar es Salaam