Keki ya mtoto kula, rafiki yangu

Rafiki yangu,

Habari za siku? Naamini umeamka salama. Meseji yako ya jana usiku, kwamba sukari ya damu imepanda na umeondoa vitamu vyote ndani, nimeisoma mara tatu, na ile picha ya makabati matupu ndo imeninyima usingizi, kwa hiyo nimeamka mapema nikuandikie kwa kirefu maana kwenye simu tungekatizana tu, watoto wanakuita huku mi nimefika katikati.

Kwanza pole. Najua mtu akiambiwa sukari imefika 6.4 asubuhi kabla hajala kitu moyo unashtuka, unaona kama umeshahukumiwa. Ila chukua ile karatasi uisome tena taratibu. Ukipima hujala, 6.1 mpaka 6.9 ni pale mpakani, kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7.0. We uko mpakani, na aliyeko mpakani anaweza kugeuza. Wala sikufariji tu, kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, majibu yakatoka 2002, walichukua watu 3,234 ambao sukari zao zilikuwa hapo hapo pabaya, kundi moja wakafundishwa kubadili ulaji na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki na lengo lao lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito, basi. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopewa metformin, ambayo ni dawa kweli ya sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Yani sahani na miguu vilikishinda kidonge! Na asilimia 7 ya kilo zako 80 ni kilo tano na nusu na kidogo, sio hizo ishirini ulizojiandikia ukutani.

Sasa pale uliposema "sili tena kitu kitamu mpaka nakufa" ndo hatukubaliani, na nakwambia kwa sababu nimepita.

Unakumbuka mwaka ule pressure iliponipanda? Nilifanya hivo hivo unavofanya wewe sasa hivi. Nikagawa kila kitu kilichokuwa ndani, nikaapa, nikaanza kuweka alama kwenye kalenda, na kwa siku 19 sikugusa kitu chochote ninachokipenda, kila mtu ananisifu. Usiku wa siku ya 19 nikaamka kunywa maji. Kulikuwa na kopo la aiskrimu la wageni. Nilikula nimesimama, taa sijawasha, mwanga wa friji tu, haraka haraka kama mtu anayeiba, na nikwambie ukweli ladha yake siikumbuki kabisa, nakumbuka baridi kwenye meno na mlio wa kijiko kilipogusa chini ya kopo. Kitu ninachokipenda kuliko vyote na sikukionja! Kesho yake nikajiadhibu nikakaa na njaa mpaka jioni, jioni nikala kwa fujo tena, na ikaendelea hivo karibu mwezi mzima, nikaishia na uzito mkubwa kuliko nilioanza nao. Sikukusimulia wakati ule, niliona aibu sana.

Nilichokuja kuelewa baadae ni kwamba haikuwa tabia mbaya wala moyo dhaifu. Mwili ukibanwa sana unapigana. Mwaka 1944 mpaka 1945 chuo kikuu cha Minnesota kiliwalisha vijana 36 waliojitolea, wazima wa afya kabisa, karibu nusu tu ya walichokuwa wanakula kabla, kwa miezi sita. Walikonda, hiyo ilitegemewa, ila akili zao ndo zilishangaza watu, walikuwa wanawaza chakula mchana na usiku, wanakiota, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma wakati wa kulala. Na walipoachiwa kula wapo waliokula kupita kiasi na bado wakajisikia hawajashiba. Najua wale walikuwa na njaa hasa, sio sawa na kunyimwa keki, lakini we ulivonitajia hiyo diet yako, chai kavu asubuhi na saladi mchana, usiku tufaha moja, mbona hata njaa yenyewe umeiongeza humo humo.

Kwa hiyo nifanyeje, utaniuliza. Nakwambia ninachofanya mi mwenyewe, mwaka wa pili huu, pressure imetulia.

Chokoleti ninayo ndani. Nakula baada ya chakula cha mchana, sio nikiwa na njaa, maana tumbo likiwa tupu sukari inaingia kwenye damu mbio, ila ukitanguliza mboga na maharage au mayai au samaki inapanda polepole. Navunja vipande viwili naviweka kwenye kisahani, pakiti narudisha kabatini KABLA sijakaa, hapo ndo penyewe. Alafu nakaa kwenye kiti, simu naiacha chumba kingine. Kipande cha kwanza sikitafuni, nakiacha juu ya ulimi mpaka kingo zinaanza kulegea, utasikia uchungu kidogo wa kakao kwanza alafu utamu unakuja nyuma yake taratibu na harufu inapanda mpaka puani. Jaribu tu. Raha yote iko kwenye vile vipande vya mwanzo, ulimi ukizoea ladha moja utamu unapungua, cha nane unakitafuna tu kwa sababu kipo. Na tumbo nalo linachelewa kutuma taarifa ya shibe, kama dakika ishirini hivi, kwa hiyo anayekula haraka anakuwa ameshapitiliza kabla habari haijafika.

Ila kwenye soda mi ni mkali, nisikudanganye. Siku moja nilichukua glasi tupu nikapima sukari iliyomo kwenye kopo moja la mililita 330, gramu 35 hivi, kijiko cha chai ni kama gramu 4, nikahesabu vijiko vinakaribia tisa, sukari imelala chini ya glasi unene wa kidole. Nikaiweka mezani wiki nzima watoto waione. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, vijiko 12 hivi, na ukiweza kushuka mpaka vijiko 6 ni bora zaidi. Kopo moja limeshapita sita na hujashiba chochote! Na asali na juisi zinahesabiwa humo humo, hata juisi uliyokamua mwenyewe, ila tunda zima halihesabiwi, kwa hiyo chungwa lile, usilikamue. Mi nimeona bora vijiko vyangu nivitumie kwenye kitu cha kutafuna ninachokipenda kuliko kuvinywa bila hata kujua.

Kingine ni vile vya kwenye pakiti, biskuti na chipsi za kukauka, unafungua ya kuonja unashtukia unapapasa chini ya pakiti. Kuna watafiti 2019 waliwaweka watu 20 sehemu moja, wiki mbili wanapewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vya kawaida vya kupika, na vyote vilipangwa vilingane kwa sukari, mafuta na nyuzi, na mtu anakula mpaka atosheke. Kwenye vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku na uzito ukapanda karibu kilo moja. Ndo maana mi keki napika mwenyewe nyumbani, kazi ya kupika yenyewe inafanya usiipike kila siku.

Chumvi nayo usiisahau kwa sababu ya sukari, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima kila kitu ndani yake. Usingizi, unajua mwenyewe, ukilala masaa manne tu kesho yake utatafuta vitamu kuanzia asubuhi.

Na kutembea. Hapa nakusihi kabisa. Sio gym, achana na gym kama huipendi, toka tu dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni, misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu palepale. Ukifanya hivo kila siku, kwenye zile dakika 150 za wiki unakuwa umeshapata 70 mpaka 105 bila kupanga chochote. Nenda na mtoto mkubwa, si ulisema hamuongei siku hizi.

Usiache kurudi kwa daktari baada ya miezi mitatu, mwombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hicho hakidanganyiki na siku moja uliyojibana. Na akikuandikia dawa, meza, usije ukasema mimi nilikwambia chokoleti inatosha.

Kitu kilichoniuma zaidi kwenye meseji yako nimekiacha mwisho. Umesema kwenye birthday ya mtoto mwezi ujao utakata keki, utawapa watu, wewe utaangalia. Rafiki yangu, yule mtoto ana miaka saba, anakutazama kuliko unavodhani, mwaka jana alishika kipande kwa vidole vyake akakulisha mwenyewe cream ikakumwagikia kwenye nguo, ile picha mpaka leo ninayo kwenye simu. Mwaka huu akinyoosha mkono utamwambia nini?

Mi ntakuja na keki, ntaipika mwenyewe usiku wake, sukari ntapunguza robo na hakuna atakayejua. Tule kwanza chakula, mboga za kutosha, alafu akulishe. Kipande kimoja, ukae chini ukile mpaka mwisho. Vaa raba, wageni wakiondoka tunaacha vyombo hapo hapo tunatoka mimi na wewe na watoto kuzunguka mpaka giza liingie.

Nijibu ukipata nafasi, na uniambie leo umekula nini mchana.

Wako akupendaye sana