Jina langu pembeni mwa Isaya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme juu ya fundisho ninalolisikia mara kwa mara mimbarani: kwamba Mkristo aliyekomaa hujitambua kwa Kristo tu, wala hahitaji wanadamu.

Mwaka jana nilifiwa na mume wangu tuliyeishi pamoja miaka 31. Wiki ya tatu baada ya maziko, mhubiri mmoja aliniambia kulia kwangu kunaonyesha nilimgeuza mume kuwa sanamu. Sikumjibu, ingawa Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro, na alijua atamfufua. Niliketi kitandani, upande wa marehemu, nikajiuliza: bila yeye, mimi ni nani?

Nikaifungua Biblia yake. Gundi imeachia, na kurasa za Zaburi zimeshikwa na uzi mweusi alioushona mwenyewe. Nilipofika Isaya 43, pale Mungu anapomwambia Yakobo kwamba amemwita kwa jina na kwamba ni wake, nikakuta pembeni jina langu la ubatizo, kwa penseli. Chini yake tarehe. Ni siku niliyotoka hospitali baada ya mimba kuharibika, nikiwa na hakika kwamba Mungu amenisahau. Usiku ule mume wangu alinisomea maneno hayo, mahali pa Yakobo akitaja jina langu. Nilidhani ananibembeleza tu. Kumbe aliandika.

Sasa neno lile la Mungu lilinifikiaje? Lilikuja kwa sauti ya mtu niliyegombana naye kila usiku juu ya dirisha, lifungwe au liachwe wazi.

Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anamtajia kijana huyo bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kwamba imani ilikaa kwao kwanza. Angeweza kumwambia awasahau. Hakumwambia hivyo. Nawasihi wahubiri wetu waisome sura ile ya kwanza kabla ya kwenda kwa mfiwa.

Jumapili iliyopita binti yangu alikuja kwangu akiwa amevunjika moyo, ndoa yake imemshinda. Nilimsomea Isaya 43 nikitaja jina lake. Alipolala, niliichukua ile penseli, maana bado imo ndani ya Biblia, nikaliandika chini ya langu.

Mjane, msomaji wako wa siku nyingi