Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muda wa kutibu uraibu usipangwe na mfuko wa mzazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Busia ya Uganda, huku mpakani na Kenya, ambako ni vigumu kukuta ukoo usio na mtu anayeteswa na waragi (pombe kali), mairungi (miraa) au bangi. Nina ombi moja: tunga kanuni za muda wa matibabu ya uraibu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018.

Sheria hiyo iliupa uraibu wa pombe na dawa za kulevya nafasi yake miongoni mwa magonjwa ya akili, na kwa hilo tunashukuru. Lakini ugonjwa huu utibiwe kwa muda gani, na nani aamue? Kwetu huamua pesa. Familia huuza ng'ombe, hulipia mwezi mmoja katika kituo cha binafsi, na pesa zikikatika kijana hurudishwa nyumbani, apone asipone. Na wapo wenye uwezo ambao ndugu yao hukaa ndani miezi na miezi kwa kuwa nyumbani wamemchoka. Kituo nacho hakina haraka ya kumruhusu maadamu malipo yanaingia. Yote mawili ni dhuluma kwa mgonjwa.

Wapo wazazi wenzangu wanaotaka sheria itaje idadi moja ya siku kwa kila mtu. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Zile siku 28 zinazotajwa sana zilitoka Marekani, na huko huko taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya inasema matibabu ya chini ya siku 90 huwa na manufaa madogo, na anayetumia methadone, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, anahitaji angalau miezi 12. Mlevi wa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa, kuweweseka, hata kufa, ndani ya siku chache za mwanzo. Hapo anahitaji daktari na dawa. Mlango wa kufuli hautamsaidia. Mtumiaji wa heroini naye, akikaa wiki kadhaa bila kuigusa, mwili husahau kuistahimili. Akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa ni siku ya hatari, nayo ndiyo siku ambayo vituo vingi humkabidhi mgonjwa kwa mamaye na mkoba wake, basi.

Ndiyo maana naomba kanuni zimtake kila mgonjwa apimwe anapoingia, na muda wake upangwe na mtaalamu pamoja naye mwenyewe. Kila mwezi mtaalamu asiyelipwa na kituo hicho aupitie upya. Asiyetaka kukaa asifungiwe kwa ombi la ndugu peke yake. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalizitaka nchi zifunge vituo vya kuwazuilia waraibu kwa lazima. Na mtu asitolewe kabla kituo cha afya cha kwao hakijapokea jina lake na kukubali kumfuatilia kwa mwaka mzima. Mwaka huo uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu na upewe bajeti.

Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ilipofungua kliniki ya methadone mwaka 2020, serikali ilionyesha kwamba mraibu anaweza kutibiwa muda mrefu huku akilala kwake. Lakini dereva wa boda boda wa Busia hawezi kusafiri karibu kilomita 200 kila siku kufuata dozi.

Rasimu ikianza kuandikwa, Mheshimiwa, waite waliowahi kulala katika vituo hivyo, pamoja na mama zao. Wasikilizwe kwa lugha zao, kabla wenye vituo hawajasikilizwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Busia