Niulizie kwa Mzee

Lancaster, Pennsylvania, Marekani
Januari

Swahiba wangu Ramadhani,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatunyoosha. Lawama zako za kukaa kwangu kimya nimezipata zote kwa Mama Asha, na za kwake akaongezea.

Kilichonishikisha kalamu ni ile picha ya bunduki yangu ya kuwindia. Nasikia umeirusha kwa kina Shabani mkacheka mpaka basi, eti nimevuka bahari nikaja kununua gobole! Sasa nisikilize. Hili ni gumegume halisi, halina hata fataki, kile kikofia cha kulipukia. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kwenye kisahani cha pembeni, moto unapenya kitundu, ndipo mtutu unanguruma. Kati ya cheche na mlio kuna nafasi ndogo, na mkono ukitikisika hapo umelala njaa. Mwambie Shabani nyama yangu ni halali kuliko yake: bismillah naimaliza kabla risasi haijatoka.

Wala siko peke yangu. Jimbo hili lilianza msimu wa kuwinda kwa gumegume mwaka 1974. Unakuja baada ya Krismasi, wenye bunduki za kisasa wakiwa wamesharudi makwao. Hapa hapa Lancaster mafundi wa Kijerumani walikuwa wakizitengeneza karne ya 18, mitutu mirefu inayopita mita moja. Wenyeji wanazienzi kwa historia hiyo. Mimi nazipendea kwamba msimu wake porini hakuna msongamano.

Wengine hukaa juu ya miti, kama sisi kwenye dungu tulipokuwa tunalinda mahindi. Goti langu unalijua, kwa hiyo nimejijengea kificho cha chini. Mgongoni shina kubwa, mbele magogo yaliyoanguka, juu yake nimepachika matawi ya hemloki, mti usiopukutisha majani hata theluji ikishuka. Sakafu nimeifagia, maana ukikanyaga jani kavu tu ayala, huyu mnyama wa huku wa mfano wa swala, ameshakusikia. Upepo lazima utoke kwake uje kwako, la sivyo hata usihangaike kuamka. Kilichonipa kazi ni nafasi. Bunduki hii unaishindilia kwa mdomoni, umesimama, kwa mdeki mrefu kama mtutu wenyewe. Kwenye kificho cha kubana ukishapiga moja ndiyo basi. Nikaacha upande wa nyuma wazi.

Sasa shida yangu: unyevu. Juzi alfajiri theluji ilikuwa inayeyuka, akaja dume, hatua kama arobaini, ubavu wote wazi. Nikafyatua. Fyuu! Moto wa kisahani tu, moshi puani, mtutu kimya. Mwenzangu akainua mkia wake mweupe, akaenda zake. Hata hakukimbia sana! Ngozi ya kufunikia mtambo ninayo, tena nimeipaka mafuta; unyoya wa bata wa kuzibia kitundu ninao. Lakini ukikaa chini kwa muda wa saa tatu, ardhi inakupumulia maji, na baruti inayanywa.

Mzee, kabla hajalisalimisha lile gobole lake, masika yote alikuwa porini na nyama tulikula. Najua lake lilikuwa la fataki, ila baruti ni baruti. Nakumbuka kibuyu chake, na donge la nta ya nyuki alilolifunga kwenye kitambaa. Ile nta ilikuwa ya nini? Aliipaka kwenye kitundu, au ilikuwa ya mdomo wa kibuyu tu? Alibadilisha baruti kila baada ya muda gani? Au mvua ikinyesha alilala kama watu wengine, sisi ndio tulidanganywa?

Muulize akiwa ameshiba. Bado anasikia vizuri? Mguu je? Na ule mlango wa duka uliutengeneza, au bado mnaegemeza gunia? Asha amechaguliwa wapi?

Usijibu kwa mwendo wako ule. Msimu unafungwa mwezi huu huu.

Ni mimi,
Juma