Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: turudishieni kalamu za insulini

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Nakusalimu kwa heshima. Jina la hospitali sitaliandika. Utajijua, na wenzangu wa benchi la kliniki ya kisukari watajua. Barua mbili nimeziacha kwa katibu muhtasi wako, sikujibiwa hata moja. Hii ya tatu naiweka hadharani kwa sababu ya yaliyonikuta Jumanne.

Alfajiri ile umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Mbagala. Nikavuta insulini kwa tochi ya simu. Dozi yangu ya asubuhi ni yuniti 18. Mabomba ya sindano mnayotupa sasa ni yale ya mililita moja, kila kistari yuniti mbili, na vistari vyenyewe vimebanana. Mimi ni fundi cherehani. Siku hizi hata uzi natungiwa na binti ninayemfundisha kazi, maana sukari imeshayagusa macho. Nikavuta 28 nikidhani ni 18.

Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali jasho lilikuwa linanitiririka na mikono inatetemeka. Nikapekua mkoba kutafuta pipi, bomba likadondoka katikati ya daladala. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Teja huyo." Watu wakasogea, wakakumbatia mikoba yao. Nilitaka kusema nina kisukari, ulimi ukawa mzito. Mama mmoja alichukua soda mkononi mwa mjukuu wake akaninywesha kidogo kidogo. Nilipopimwa zahanati, soda ikiwa imeshaingia, mashine ilisoma 2.9. Sukari haitakiwi kushuka chini ya 3.9.

Miaka 22 ninaishi na ugonjwa huu. Kuitwa teja mbele ya watu ninaowashonea sare za watoto wao, hilo ni jipya kwangu.

Daktari, mwaka juzi mlinipa kalamu za insulini, zile sindano zenye umbo la kalamu ambazo dawa imo ndani tayari, kwa miezi mitano. Unazungusha kitako, inalia tik kwa kila yuniti, na namba inatokea kwenye kidirisha. Hata kwa macho yangu haya, nikihesabu tik na kuisogeza kwenye mwanga, sikukosea hata siku moja. Nilikuwa najichoma nimekaa hapohapo kwenye cherehani Kariakoo. Nilikwenda harusini kwa mdogo wangu nikala pilau na wenzangu mezani, badala ya kwenda kujifungia chooni na kichupa na bomba huku nimeshikilia gauni kwa meno. Miezi mitano niliishi kama watu.

Halafu dirishani nikaambiwa zimeisha. Mwezi uliofuata, zimeisha. Sijui ni bajeti, au mnaona zilizopo ziende kwa watoto na sisi watu wazima tumeshazoea. Watoto wapewe, sina kinyongo. Ila mtu mzima naye ana macho yanayofifia, na ana kibarua ambacho akianguka njiani hakuna wa kukishika.

Nikukumbushe Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Ulisimama chini ya turubai ukatueleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, kwamba yeye na wenzake walipata insulini Toronto mwaka 1921, na haki zake wakaziuza kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja ili dawa iwafikie watu. Tulikupigia makofi. Kisha ukasema, kwa kinywa chako, kabla ya Pasaka kalamu zitakuwa zimerudi kwa wote wenye matatizo ya macho. Niliandikwa kwenye orodha, muuguzi alinionyesha jina langu. Pasaka imepita, Idi imepita.

Kalamu za kwanza ziliingia sokoni mwaka 1985. Nilikuwa darasa la pili. Siombi pampu ya kuvaa kiunoni kama tunazoziona kwenye simu, wala siombi kitu kilichobuniwa jana.

Kalamu moja ina yuniti 300. Kwa 18 za asubuhi na 12 za jioni, pamoja na zile mbili za kujaribia kila ninapochoma, kalamu nne zinanitosha mwezi mzima, na sindano zake. Nne, Daktari. Kama hazipo, basi angalau nipeni mabomba ya nusu mililita, yale ambayo kila kistari ni yuniti moja, wakati tunasubiri. Lakini kalamu ndizo ulizoahidi, na orodha ipo kwenye kabati la kliniki.

Kliniki yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakuja na bomba la Jumanne mkobani.

Mgonjwa wako,
Fundi cherehani, Mbagala